Namna ya Kulielewa na Kulitumia Neno Maquis katika Uandishi wa Kiswahili

Yeyote anayeandika au kutafsiri kwa Kiswahili habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia nchini Ufaransa, za vita vya ukombozi vya Algeria, za wapigania uhuru wa Kameruni au za uasi wa miaka ya 1960 mashariki mwa Kongo, atakutana na neno maquis, na itambidi aamue alifanyie nini. Wengi huchukua njia ya mkato: huandika "kikundi cha siri" kisha wakaendelea na safari. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu kiasi cha kumpotosha msomaji, kwa sababu inabeba jambo moja tu kati ya matatu yaliyomo katika neno hilo. Maquis ni watu waliojificha. Ni watu waliojificha porini, yaani nje ya miji, milimani, vichakani au msituni. Na ni watu waliojificha porini kwa nia ya kupigana. Likikosekana mojawapo ya hayo matatu, mwandishi hana budi kutafuta neno jingine.

Katika maana yake mashuhuri zaidi, maquis ni vikundi vya wapiganaji wa Kifaransa, pamoja na wageni wengi waliokuwa nao, ambavyo kati ya mwaka 1943 na 1944 viliishi mafichoni mashambani na kupigana na majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia Ufaransa kimabavu, na vilevile na serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani hao. Maana nyingine zote, zikiwemo zile za Kiafrika, ama zimeitangulia hii ama zimechipuka kutoka kwake.

Asili ya neno

Kabla ya kuwa jina la wapiganaji, maquis lilikuwa jina la mimea. Kisiwa cha Korsika, kama sehemu nyingine za pwani ya Bahari ya Kati, kimefunikwa kwa vichaka vizito vya miti mifupi isiyopukutisha majani, vigumu kupenya na vizuri kwa maficho. Wafaransa walilipokea jina la vichaka hivyo kutoka kisiwani humo, na chimbuko lake ni neno la Kiitaliano macchia, ambalo hutaja vichaka na pia hutaja doa au waa. Mkorsika aliyeua mtu katika ugomvi wa kisasi, au aliyekuwa akisakwa na askari, alikimbilia vichakani, akaishi huko kwa chakula alicholetewa na jamaa zake. Ndipo Kifaransa kikapata usemi prendre le maquis, ambao ukiutamka kwa Kiswahili cha kila siku ni kuingia msituni.

Ulinganifu huu una manufaa makubwa kwa mwandishi wa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu imepita njia ileile. Tunaposema kwamba fulani "aliingia msituni", hakuna anayedhani kwamba alikwenda kukata kuni. Kila mtu anaelewa kwamba alichukua silaha dhidi ya utawala. Msitu umekuwa hali ya mtu, wala si mahali tu. Neno maquis lina maana hizo zote mbili, na linaongeza ya tatu, ambayo msitu wa Kiswahili haujaichukua, kwa kuwa linataja pia kikundi chenyewe. Kwa hiyo Mfaransa anaweza kusema kwamba mtu ameingia maquis, yumo katika maquis, na anaongoza maquis, na katika kila sentensi neno lina kazi tofauti. Mfasiri asipoitambua tofauti hiyo ataandika kwamba mtu "anaongoza msitu".

Jinsi vichaka vilivyogeuka kuwa jeshi

Historia fupi ni ya lazima hapa, kwa kuwa makosa mengi ya matumizi hutokana na kutoijua. Ufaransa ilishindwa vitani na kutia saini mkataba wa kusimamisha mapigano tarehe 22 Juni 1940. Nusu ya kaskazini na pwani ya magharibi vilikaliwa na Wajerumani, na kusini kukabaki chini ya serikali ya Marshali Philippe Pétain iliyokuwa na makao yake katika mji wa Vichy, hadi Novemba 1942 Wajerumani walipoiingia sehemu hiyo pia. Katika miaka hiyo ya mwanzo kulikuwa na watu waliopinga, tena kwa ujasiri mkubwa, lakini wengi wao walikuwa mijini: walichapisha magazeti ya siri, walikusanya habari za kijasusi, waliwatorosha marubani wa Uingereza walioangushwa. Hao hawakuwa maquis, na vitabu vya historia haviwaiti hivyo.

Kilicholizaa neno hili katika maana yake ya kivita ni kazi ya lazima. Tarehe 16 Februari 1943 serikali ya Vichy ilitangaza sheria ya kuwapeleka vijana kufanya kazi Ujerumani, na waliolengwa kwanza ni wanaume waliozaliwa kati ya mwaka 1920 na 1922. Maelfu ya vijana ambao hadi wakati huo hawakuwa na uhusiano wowote na siasa walijikuta mbele ya uamuzi mmoja: kupanda treni au kutoroka. Waliotoroka walikwenda milimani Savoie, katika uwanda wa juu wa Vercors, katika misitu ya Limousin, katika vibanda vya wachungaji na vya wachoma mkaa. Walihitaji chakula, viatu, vyeti bandia na watu wa kuwaongoza, na hapo ndipo harakati za mijini zilipokutana nao na kuanza kuwageuza kuwa wapiganaji.

Jambo moja mwandishi alishike vizuri: si kila aliyeikataa kazi ya lazima alijiunga na maquis. Wengi wao walijificha kwa jamaa, wakafanya kazi katika mashamba ya watu waliokubali kuwahifadhi, wakangoja vita viishe. Walioshika silaha ni sehemu ndogo. Kuandika kwamba "vijana waliokataa kwenda Ujerumani walikuwa maquis" ni kuwapa wote sifa ya wachache, na pia ni kuficha jinsi uamuzi wa hao wachache ulivyokuwa mzito.

Siri iliyojulikana na kijiji kizima

Kwa nini basi "kikundi cha siri" hakitoshi? Tazama usiku mmoja wa kupokea silaha. Uingereza ilikuwa na idara ya kijeshi iliyoundwa Julai 1940 kwa kazi ya kuwasaidia wapinzani wa Ujerumani ndani ya nchi zilizokaliwa, na ndege zake ziliangusha shehena kwa miavuli. Redio ya BBC ilisoma sentensi zilizoonekana hazina maana, na kila sentensi ilikuwa ahadi kwa kikundi fulani kwamba ndege ingekuja. Watu walikwenda kwenye uwanda walioupima mapema, mara nyingi usiku wa mbalamwezi ili rubani auone mto na barabara. Wakasimama kwa mstari wakiwa na taa, na mmoja wao akaashiria kwa taa yake herufi iliyokubaliwa. Mapipa marefu ya chuma yalishuka yakiwa na bunduki aina ya Sten, baruti, bandeji na viatu, na kabla ya alfajiri kila kitu kilipaswa kuwa kimeondolewa, ikiwemo miavuli yenyewe. Nani aliondoa? Wakulima waliokuwa na mikokoteni na ng'ombe. Nani alijua ghala lipi lingefaa? Mwenye ghala. Vyeti bandia vilitoka kwa karani wa ofisi ya meya, mkate ulitoka kwa mwoka mikate wa kijijini, na daktari aliyewatibu majeruhi alikuwa na majirani walioiona taa yake ikiwaka usiku.

Maquis ilikuwa siri kwa adui, lakini haikuweza kuwa siri kwa jirani, na pale jirani alipokataa kushirikiana, haikudumu. Ndiyo maana neno "kikundi cha siri", ambalo kwa msomaji wa Kiswahili linaleta picha ya watu wachache waliokula kiapo chumbani, linaikosa sura halisi ya jambo hili. Na ndiyo maana pia adui aliviadhibu vijiji. Baada ya wapiganaji kuushambulia mji wa Tulle, kikosi cha SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, kiliwanyonga wanaume 99 mjini humo tarehe 9 Juni 1944, na kesho yake askari wa kikosi hichohicho waliwaua watu zaidi ya 640, wanawake na watoto wakiwa wengi kati yao, katika kijiji cha Oradour-sur-Glane ambacho hakikuwa kambi ya wapiganaji. Mwandishi anayeeleza maquis bila kuwataja wanavijiji ameandika nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyolipa gharama kubwa zaidi.

Wapi litumike na wapi lisitumike

Swali la kwanza la kujiuliza ni mahali. Watu hao walikuwa wapi? Tuchukue mfano wa kikundi cha Missak Manouchian, Mwarmenia aliyewaongoza wahamiaji wenye silaha katika mji wa Paris. Walishambulia maofisa na misafara ya Wajerumani, walikamatwa, na wanaume 22 kati yao walipigwa risasi katika ngome ya Mont-Valérien tarehe 21 Februari 1944. Wajerumani na washirika wao walibandika mabango mekundu yenye picha za baadhi yao, wakiwaita "jeshi la uhalifu". Watu hawa walikuwa na silaha, walikuwa mafichoni, na walikufa kwa ajili ya Ufaransa. Hata hivyo hawakuwa maquis, kwa kuwa vita vyao vilikuwa vya mjini, katika vyumba vya kupanga na vituo vya treni za chini ya ardhi. Waite wapiganaji wa mjini, au wapiganaji wa siri wa Paris. Kwao neno "siri" linafaa kabisa.

Jean Moulin ni mfano mwingine ambao waandishi huukosea. Huyu aliyaunganisha makundi mbalimbali katika Baraza la Taifa la upinzani lililokutana kwa mara ya kwanza Paris tarehe 27 Mei 1943, kisha akakamatwa Caluire, karibu na Lyon, tarehe 21 Juni mwaka huohuo. Sentensi "Jean Moulin aliongoza maquis ya Ufaransa" ina kosa, kwa sababu alikuwa mwakilishi wa Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliopigana kutoka uhamishoni, na mratibu wa harakati nzima, ambayo maquis ilikuwa tawi mojawapo. Andika: "Jean Moulin aliyaunganisha makundi yaliyopinga uvamizi wa Wajerumani." Kwa upande mwingine, ukiandika habari za Georges Guingouin, mwalimu wa shule aliyeingia mafichoni mashambani Limousin na kuwaongoza wapiganaji huko, neno maquis linamfaa bila shaka yoyote, na wenyeji walifikia hatua ya kumwita mkuu wa mkoa wa maquis.

Swali la pili ni wakati. Tarehe 1 Februari 1944 vikosi mbalimbali viliwekwa chini ya jina moja, Forces françaises de l'intérieur, ambalo kwa Kiswahili ni Majeshi ya Ndani ya Ufaransa. Kuanzia hapo maquis nyingi zilihesabiwa ndani ya majeshi hayo, lakini majina hayo mawili si sawa, kwa kuwa majeshi hayo yaliwajumuisha hata waliochukua silaha mjini Paris mwezi Agosti 1944. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba maquis ya mahali fulani ilikuwa sehemu ya Majeshi ya Ndani. Usigeuze sentensi hiyo.

Swali la tatu, na ndilo gumu zaidi, ni ukubwa wa kundi na namna lilivyopigana. Maquis nyingi zilikuwa kambi ndogo za watu wachache zilizohamahama, zikashambulia na kutoweka. Pale zilipojikusanya kwa wingi na kushikilia eneo, matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Machi 1944 wapiganaji takribani 450 walikuwa juu ya uwanda wa Glières, wakingoja silaha za miavuli, walipozingirwa na kushambuliwa na askari wa Vichy, wanamgambo wa Milice na hatimaye jeshi la Ujerumani. Vercors, ambako wapiganaji walifikia maelfu na hata kutangaza kurejeshwa kwa jamhuri tarehe 3 Julai 1944, ilivamiwa baadaye mwezi huohuo, na ndege zisizo na injini zikatua na askari karibu na kijiji cha Vassieux. Waliouawa walikuwa wapiganaji zaidi ya 600 na raia takribani 200. Majina ya Glières na Vercors yamebaki kuwa fahari ya Wafaransa, na ni sawa kuyaita maquis. Lakini mwandishi asiyafanye kuwa kielelezo cha maquis zote, maana yalikuwa mambo yasiyo ya kawaida katika vita vile.

Tahajia na upatanisho wa kisarufi

Liandike maquis, kama linavyoandikwa kwa Kifaransa. Najua kwamba tabia nzuri ya Kiswahili ni kulivika neno geni vazi la kienyeji, na tahajia "maki" ingefuata matamshi yake, kwa sababu Wafaransa hawaitamki s ya mwisho. Hata hivyo maandishi ya Maquis yamekwisha kuzoeleka machoni mwa wasomaji wa Afrika Mashariki, hasa kupitia Orchestra Maquis, bendi ya wanamuziki kutoka Kongo iliyojijengea jina Dar es Salaam, na anayetaka kusoma zaidi atalikuta kwa tahajia hiyo. Tahajia mpya ingemkata msomaji na habari anazozitafuta. Tumia herufi ndogo, isipokuwa likiwa mwanzo wa sentensi au sehemu ya jina rasmi, na mara ya kwanza linapotokea liandike kwa herufi za mlazo au katika alama za kunukuu, ukilieleza kwa kishazi kimoja: "maquis, yaani wapiganaji waliojificha porini".

Kwa upatanisho, tatizo ni kwamba neno linaanza na ma-, na kalamu inavutwa kulitia katika ngeli ya LI-YA, ikatoa sentensi kama "maquis yalishambuliwa" hata pale inapokusudiwa kambi moja. Ni afadhali liwekwe katika ngeli ya I-ZI: maquis ya Vercors ilishambuliwa, maquis zilizokuwa Limousin zilipata silaha mapema, maquis hii ilikuwa na watu 40. Kwa njia hiyo umoja na wingi vinaonekana wazi, jambo ambalo ni muhimu kwa kuwa tofauti kati ya kambi moja na harakati nzima ndiyo inayomchanganya msomaji mara nyingi. Ukitaka kuwataja watu, usitegemee neno lenyewe libebe kazi hiyo; sema wapiganaji wa maquis. "Maquis walifika kijijini usiku" inaeleweka, kama tunavyosema "polisi walifika", lakini katika maandishi makini "wapiganaji wa maquis walifika kijijini usiku" haimwachi mtu na shaka.

Kifaransa kina neno maquisard kwa mpiganaji mmoja. Sioni sababu ya kulileta katika Kiswahili, ila katika nukuu au pale ambapo neno hilo lenyewe ndilo linalojadiliwa, kama tutakavyoona kwa Kameruni. Na maumbo kama "mmaquis" na "wamaquis", ambayo mtu anaweza kushawishika kuyaunda, hayasomeki na hayana faida. Mpiganaji wa maquis anatosha.

Kuchagua kati ya maquis na msitu

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kitendo kitafsiriwe, jina libaki. Pale Kifaransa kinaposema kwamba mtu alichukua maquis, Kiswahili kina usemi uliokomaa, nao ni kuingia msituni. Hakuna haja ya "alichukua maquis" wala "alijitosa katika maquis". Lakini pale kinapotajwa kikundi maalumu, kwa mfano maquis ya Glières, jina libaki, kwa kuwa "msitu wa Glières" ungekuwa ni mahali na "wanamsitu" si neno la mtu yeyote. Sentensi moja inaweza kuchukua yote mawili bila kujikanganya: "Baada ya sheria ya Februari 1943 kutangazwa, vijana wengi wa Savoie waliingia msituni, na baadhi yao wakajiunga na maquis iliyokuwa ikijikusanya Glières."

"Wapiganaji wa msituni" ni tafsiri nzuri ya jumla, hasa katika habari fupi za redio ambamo hakuna nafasi ya kueleza neno geni. "Gerila" lina asili nyingine, ya Kihispania, na linataja namna ya kupigana, yaani vita vidogo vidogo vya kuvizia. Mpiganaji wa maquis hupigana kigerila, lakini gerila anaweza kuwa popote duniani na katika karne yoyote.

Neno moja la kuliangalia kwa makini ni "upinzani". Harakati nzima ya Wafaransa dhidi ya Wajerumani huitwa kwao Résistance, na mfasiri wa haraka huandika "upinzani wa Ufaransa" au "wapinzani". Kwa msomaji wa leo wa Kiswahili, upinzani ni vyama visivyoshika serikali, vyenye wabunge na mikutano ya hadhara. Ukisoma kwamba "viongozi wa upinzani walikutana Paris mwaka 1943" bila maelezo, utadhani ni mkutano wa vyama. Ongeza maneno machache: upinzani dhidi ya uvamizi, au harakati za ukombozi. Neno ukinzani nalo linatumiwa na baadhi ya waandishi, na lina faida ya kutokuwa na harufu ya uchaguzi, ingawa wasomaji wengi hulijua zaidi katika fizikia.

Neno linapovuka mipaka ya Ufaransa

Wahispania waliokimbia baada ya Jenerali Franco kushinda vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwao mwaka 1939 walikuwa miongoni mwa wapiganaji wenye uzoefu mkubwa katika maquis za kusini mwa Ufaransa. Oktoba 1944 maelfu yao waliivuka milima ya Pyrenees na kuingia Bonde la Aran wakitumaini kuamsha vita dhidi ya Franco, wakarudishwa nyuma. Wengine waliendelea kupigana milimani kwa miaka. Katika historia ya Hispania neno maquis linawahusu hao, kwa hiyo taja nchi kila mara unapoandika habari zinazogusa pande zote mbili za mpaka.

Algeria, vita vilipoanza tarehe 1 Novemba 1954, Waalgeria waliozungumza Kifaransa waliziita ngome zao za milima ya Aurès na Kabylie maquis, na walijua walichokuwa wakifanya: walichukua neno ambalo Ufaransa ililitukuza miaka 10 iliyotangulia, wakalielekeza kwa Ufaransa yenyewe. Mfasiri akiweka "waasi" mahali pa neno hilo anaufuta ujumbe wote. Likibaki maquis katika maandishi ya Mwalgeria, msomaji anayeijua historia atasikia walichokusudia.

Kameruni ndiko ambako mwandishi anahitaji uangalifu kuliko kote. Chama cha Union des populations du Cameroun (UPC) kilianzishwa Douala mwaka 1948, kikadai uhuru na muungano wa nchi, na kikapigwa marufuku na utawala wa Kifaransa tarehe 13 Julai 1955. Katibu wake mkuu, Ruben Um Nyobè, aliingia msituni katika eneo la Sanaga-Maritime na kuuawa na askari tarehe 13 Septemba 1958. Mapigano yaliendelea baada ya uhuru wa mwaka 1960, hadi kiongozi wa chama hicho, Ernest Ouandié, aliyekuwa tumaini la mwisho la harakati hiyo, alipouawa kwa kupigwa risasi hadharani Bafoussam tarehe 15 Januari 1971. Katika miaka hiyo yote watawala, wa kikoloni na waliowafuata, walilitumia neno maquisard kwa maana ya mhalifu, na watu wengi walikua wakilijua kama tusi. Neno lililokuwa nishani kwa Mfaransa likawa sababu ya Mkameruni kufungwa. Hapa liache neno katika alama za kunukuu linapotoka kinywani mwa watawala, useme waziwazi ni nani anayelitamka, na katika sauti yako mwenyewe andika wapiganaji wa UPC.

Kwa Kongo, tofauti kati ya kuushika mji na kuishi porini inatusaidia. Waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, Kisangani ya sasa, Agosti 1964, wakaunda serikali. Wakati huo walikuwa jeshi linalotawala mji, na neno maquis haliwafai. Walipoupoteza mji huo Novemba mwaka huohuo na mabaki yao kurudi kwenye milima ya Fizi, magharibi ya Ziwa Tanganyika, hapo walikuwa maquis kwa kila kipimo. Huko ndiko alikofika Ernesto Che Guevara mwaka 1965 akitokea Kigoma, na huko ndiko chama cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoanzishwa mwaka 1967, kilikokuwa na ngome yake kwa miaka mingi.

Mau Mau wa Kenya nao wanatajwa mara kwa mara kama ulinganisho, na kwa msomaji wetu ulinganisho huo unasaidia kuanzia: misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wanavijiji waliopeleka chakula, adhabu zilizowaangukia wasiopigana. Usivuke hapo. Wapiganaji wa Kenya walidai ardhi iliyonyang'anywa vizazi vilivyotangulia, na hakuna ndege iliyowaangushia silaha. Zaidi ya hayo wana majina yao wenyewe, likiwemo Jeshi la Ardhi na Uhuru, na mtu mwenye jina lake haitwi kwa jina la mwingine.

Mwisho, ukikuta habari kutoka Côte d'Ivoire inayosema kwamba watu walikula samaki na kucheza muziki katika maquis hadi usiku wa manane, hakuna vita vyovyote: huko maquis ni mgahawa wa kawaida, mara nyingi wa uwanjani. Tafsiri yake ni mgahawa, au baa ikiwa kinywaji ndicho kinachotajwa.